Artikle 15 tunaijua sana, artikle 27 tunaisahau

Namna gani mchimbaji wa Misisi, Lulimba ao Baraka anaweza kuomba serikali imuonyeshe karatasi ya kilima chake, ya kodi yake na ya feza ya sekta yake

Mwezi wa saba mwaka 2024, Gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha kazi za madini katika Kivu ya Kusini, akisema anataka kutia utaratibu. Miaka mitatu mbele yake, mwezi wa munane 2021, Gavana wa wakati ule, Théo Ngwabidje, alisimamisha makampuni ya Wachina yaliyokuwa yakichimba zahabu kule Mwenga, kisha raia kulalamika kwamba mito inaharibika na hakuna anayejua makampuni yale yaliingia na ruhusa gani.

Mara zote mbili ulizo lilikuwa lile lile: nani ana karatasi, na nani hana?

Huku kwetu Fizi, ulizo hilo tunalijibu kwa uvumi. Mmoja anasema kilima ni cha kampuni. Mwengine anasema hapana, ni zone ya wachimbaji wadogo. Wa tatu anasema kampuni ilishatoa feza, chef akaikula. Wa ine anasema haijatoa hata franka moja. Jioni watu wanagombana, na kesho asubuhi wanashuka tena ndani ya shimo bila kujua kama wako kwao ao kwa wengine. Wakati huo karatasi yenye jibu iko inalala katika biro fulani, na hakuna mtu aliyekwenda kuiomba kwa maandishi.

Sisi Wakongomani artikle 15 tunaijua tangu utoto: jitafutie mwenyewe. Artikle hiyo haimo katika sheria yoyote, lakini kila mtu anaishika. Kuko ingine inayoandikwa kweli katika Katiba, na wachache ndio wanaoijua. Ni artikle 27.

Sheria gani tuko nayo mikononi

Tuseme ukweli kwanza. Inchi yetu haijapata sheria ya pekee inayopanga namna raia wa kawaida anavyoomba karatasi za serikali. Maandiko ya sheria hiyo yamezunguka katika bunge kwa miaka mingi. Majirani wametutangulia. Uganda ilipata yake mwaka 2005, na ofisi inapaswa kujibu kwa siku 21. Kenya iliipata mwaka 2016, nayo siku 21, na kama ni jambo la uhai ao uhuru wa mtu, saa 48. Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, iliipata pia mwaka 2016, siku 30. Ndugu zetu walioishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma wako katika inchi yenye sheria hiyo.

Lakini sheria peke yake haifungui mlango. Nchini Uganda, waandishi wa habari wawili waliomba serikali mikataba ya petroli. Wakanyimwa. Wakaenda mahakamani Nakawa, na mwaka 2010 wakashindwa, ijapokuwa sheria ilikuwa na miaka tano. Kwa hiyo tusikae tukingojea Kinshasa. Tutumie kile tuko nacho.

Tuko na nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema mwandishi wa habari peke yake. Artikle 27 inasema kila Mkongomani, yeye peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia viongozi wa serikali ombi, ile wanaita pétition, na kiongozi anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena inaongeza neno kubwa: hakuna mtu anayeweza kushitakiwa, kwa namna yoyote, kwa sababu aliandika ombi kama hilo.

Soma tena mambo hayo mawili: miezi mitatu ya kujibu, na hakuna kushitakiwa. Hapo ndipo nguvu yetu inaanza.

Kisha kuko sheria za madini zenyewe. Code minier ya tarehe 11 Julai 2002, iliyogeuzwa na sheria n° 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha makampuni yenye haki ya madini kutoa mambo wazi: hesabu ya madini wanayotoa, mikataba, majina ya wenye mali wa kweli, kodi wanayopaswa na ile waliyolipa. Na dekre n° 011/26 ya tarehe 20 Mei 2011 inasema kila mkataba wa mali ya asili ya inchi utangazwe katika siku 60. Kwa hiyo unapoomba karatasi kama hizo, hauombi siri ya serikali. Unaomba kitu ambacho sheria ilishasema kiwe wazi.

Karatasi ya kwanza: kilima ni cha nani

Kabla ya kugombana na kampuni ao na kooperative ingine, ulizeni. Cadastre Minier, ile tunaita CAMI, ndiyo inaandika nani aliomba na nani alipewa permis, na inachora mipaka yake katika karte. Madaftari yake na karte zake ni za watu wote kuangalia, na karte iko hata kwenye intaneti. Mwaka 2024 CAMI ilikuwa na biro Bukavu. Andikeni jina la kilima, sekta, groupement, na kama mtu wenu ana telefone inayoonyesha GPS, andikeni zile namba. CAMI inafanya kazi na namba, haifanyi kazi na majina ya vilima. Kilima kimoja kinaweza kuwa na majina matatu: la wazee, la wachimbaji na la kampuni.

Karatasi ingine ni arrêté ya Waziri wa Mines inayofungua zone d'exploitation artisanale, ZEA. Pale ndipo sheria inatuacha sisi wachimbaji wadogo tufanye kazi, tukiwa ndani ya kooperative iliyokubaliwa na kila mtu ana karte yake ya mchimbaji, ambayo inafaa mwaka mmoja. Mtu akisema « hapa ni ZEA », mjibu kwa heshima: arrêté namba gani, ya tarehe gani? Ombeni pia kujua machimbo yenu yalipewa rangi gani: kijani, manjano ao nyekundu. Rangi hiyo ndiyo inasema kama zahabu yenu inaweza kuuzwa katika njia halali. Ombi la mambo haya linaelekea Division des Mines, na kopi kwa SAEMAPE.

Karatasi ya pili: asilimia 15

Hapa ndipo feza iko, na hapa ndipo watu wengi wanakosa mlango.

Kampuni yenye permis ya kuchimba inalipa redevance minière. Kwa zahabu ni asilimia 3,5 ya bei ya mali yote iliyouzwa. Sheria ya 2018, artikle 242, inagawanya redevance hiyo hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa ile wanaita entité territoriale décentralisée ambapo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tupige hesabu ya mfano. Kampuni ikiuza zahabu ya dola 10 000 000, redevance ni dola 350 000. Kinshasa inapata 175 000, jimbo 87 500, entité 52 500, mfuko wa vizazi 35 000. Dola 52 500 zinaweza kujenga vyumba vya masomo ao kuleta maji ya bomba mahali. Si feza ya kuacha ipotee katika uvumi.

Sasa, entité hiyo ni nani? Si teritwari. Teritwari ya Fizi inaongozwa na Administrateur, lakini kwa sheria teritwari si entité décentralisée. Entité ni sekta, chefferie, komini na mji. Teritwari yetu iko na sekta ine: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Misisi, kwa mfano, iko Ngandja. Baraka ni mji. Kwa hiyo ombi la asilimia 15 linaandikwa kwa chef wa sekta ambapo permis iko. Administrateur mumpe kopi. Wengi wameenda kuuliza Administrateur, akawajibu kwamba hakupokea kitu. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli kabisa, na bado feza ikawa ilipita sehemu ingine.

Ombeni mambo matatu: hesabu ya redevance iliyoingia katika sekta kwa mwaka fulani, bajeti ya sekta kwa mwaka ule, na karatasi ya kazi zilizofanywa na feza ile. Kisha linganisheni na ripoti za ITIE, ile shirika inayoandika kile makampuni wanasema walilipa na kile serikali inasema ilipokea. Ripoti hizo zinatolewa bure. Kama kampuni inasema ililipa na sekta inasema haikupokea, mmeshapata mahali pa kuuliza.

Mujue pia: redevance inalipwa na wenye permis. Mahali kuna wachimbaji wadogo peke yao, musitafute redevance, mutafute taxe.

Karatasi ya tatu: taxe ya barabarani na ya shimoni

Kila mtu anayebeba mfuko kutoka kilimani anajua bariere. Hapa unalipa, pale unalipa, na mama anayetwanga mawe naye analipa. Taxe ya jimbo na ya sekta haizaliwi kwa mdomo. Kuko nomenclature, yaani liste ya taxe zote zinazoruhusiwa, iliyowekwa na ordonnance-loi n° 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Taxe isiyokuwa katika liste haina miguu.

Kooperative iandike ombi kwa sekta na kwa biro ya feza ya jimbo: tupeni kopi ya liste ya taxe zinazohusu uchimbaji mdogo, kiasi cha kila moja, na jina la service inayolipisha. Mkishaipata, mfanye fotokopi, kila PDG wa shimo awe na moja, kila mama mtwangaji ajue iliyo yake. Mtu akija kulipisha, mumuulize bila kelele: taxe hii inaitwa namna gani, iko mstari gani wa liste, na quittance iko wapi?

Karatasi ya ine: ahadi za kampuni

Kampuni yenye permis ya kuchimba inapaswa kutia sahihi cahier des charges pamoja na wenyeji: masomo gani, barabara gani, dispensaire gani, kwa tarehe gani. Tena inatoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Katika mfano wetu wa dola 10 000 000, ni dola 30 000 kila mwaka. Kwa kuwa cahier ni mapatano na wenyeji, nyinyi si wageni mbele ya karatasi hiyo, nyinyi ni upande mmoja wa mapatano. Ombeni kopi kwa kampuni yenyewe, kwa sekta na kwa Division des Mines. Biro tatu zikiombwa pamoja, ni vigumu zote kusema karatasi ilipotea.

Na wale walioajiriwa na kampuni: kila malipo ya mshahara yanakwenda na karatasi ya hesabu. Chungeni zote. Muende CNSS muulize kama muajiri alitangaza majina yenu na kama anatia feza. Mambo haya mtu anayatafuta siku ya msiba, wakati mjane amekaa na watoto na hana karatasi hata moja. Ni vizuri kuuliza wakati baba yuko hai.

Namna ya kuandika

Ombi la mdomo ni upepo. Andikeni. Barua isipite ukurasa mmoja, na iombe karatasi yenye jina. Mukiandika « tunaomba mutueleze hali ya madini », mutajibiwa maneno matamu. Mukiandika « tunaomba kopi ya arrêté namba fulani », kiongozi atatoa kopi ao atakataa, hakuna njia ya katikati. Mfano ni huu:

« Kwa Bwana Chef wa Sekta.
Habari: Kuomba kopi ya hesabu ya redevance minière ya mwaka 2023.
Bwana Chef, sisi wanamemba wa kooperative (jina), wakaaji wa (kijiji), kwa nguvu ya artikle 24 na 27 za Katiba na artikle 242 ya Code minier, tunakuomba kwa heshima utupe kopi ya karatasi hizi: 1. hesabu ya asilimia 15 iliyoingia katika sekta tangu Januari hadi Desemba 2023, 2. bajeti ya sekta ya mwaka ule, 3. liste ya kazi zilizofanywa na feza hiyo. Kama karatasi moja haiko kwako, tunaomba utuonyeshe kwa maandishi iko kwa nani. Tuko tayari kulipa fotokopi, tukipewa quittance. Tunangojea jibu lako katika miezi mitatu iliyowekwa na Katiba. »

Chini muweke majina, sahihi, tarehe na namba ya telefone moja. Kiswahili ni lugha ya taifa katika Katiba yetu, lakini Kifaransa ndiyo lugha ya biro. Mwalimu wa secondaire aigeuze kwa Kifaransa, na nyinyi muchunge ile ya Kiswahili ili kila mtu ajue alitia sahihi juu ya nini.

Mutoe kopi mbili. Moja inabaki biro. Ya pili inarudi na nyinyi, ikiwa na muhuri, tarehe, jina na sahihi ya aliyeipokea. Ndiyo accusé de réception. Bila hiyo, miezi mitatu haina mwanzo. Sekretere akikataa kutia muhuri, musigombane naye. Watu wawili waliokuwepo waandike karatasi ndogo: tarehe, saa, biro gani, nani alikataa, kisha watie sahihi. Halafu barua itumwe kwa njia ingine inayotoa risiti.

Wakinyamaza

Kila mwezi mumoja wenu apite biro kwa upole kuuliza barua ilifika wapi. Miezi mitatu ikipita bila jibu, andikeni barua ya kukumbusha, na mufunge pamoja nayo kopi ya ile ya kwanza yenye muhuri. Hii ya pili mupeleke pia kwa mkubwa wa yule aliyenyamaza. Kwa sekta ni Administrateur wa teritwari na Gavana. Kwa Division ni waziri wa jimbo anayesimamia madini. Wapeni kopi wadeputé wa jimbo waliochaguliwa Fizi: wao wako na haki ya kumwita waziri mbele ya bunge na kumuuliza. Wapeni kopi société civile na radio. Kama jambo ni kubwa na kooperative inataka kwenda mahakamani, kila barreau iko na biro ya kusaidia wasio na feza. Kwendeni na ile kopi yenye muhuri, ndiyo silaha yenu.

Wakijibu « hapana », ombeni hapana hiyo iandikwe, na sababu yake. Hapana iliyoandikwa ni karatasi pia, na mwanasheria anaweza kuifanyia kazi. Hapana ya mdomo inakufa mlangoni.

Heshima na akili

Tuko Fizi, tunajua tunaishi wapi. Barua ya madini inaweza kukasirisha watu wenye bunduki kuliko inavyokasirisha chef. Kwa hiyo ombi lisiwe la mtu mmoja. Kooperative, syndicat, muungano wa wamama watwangaji, wachungaji na walimu, sahihi ishirini ao makumi matano. Jina la kwanza katika liste lisiwe kila mara la kijana yule yule. Musiombe mambo ya askari wala siri za mtu binafsi: hayo yatawapa sababu ya kuwafungia mlango. Na barua isiseme mtu aliiba. Inaomba kuona hesabu, basi. Kama kuko wizi, hesabu itasema yenyewe. Kama hakuna, chef atakuwa amesafishwa mbele ya watu wake, na hilo nalo ni faida: kuko machef waaminifu wanaotukanwa kila siku kwa feza ambayo haikufika kwao.

Siku jibu linafika, lisikae katika mfuko wa presida wa kooperative. Lisomwe mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na Kibembe, na fotokopi ibandikwe mahali watu wanapita: kwenye depo ya kooperative, kanisani, msikitini, sokoni. Karatasi iliyosomwa na watu mia haiwezi tena kupotea.

Juma hili, kila kooperative ichague karatasi moja tu, ile inayoumiza zaidi kwake, na iandike barua moja. Mukipeleka barua tarehe 4, muandike tarehe 4 ukutani kwenye depo, na mbele yake muandike tarehe ya miezi mitatu kisha. Kila anayeingia kupima zahabu yake ataiona na atahesabu pamoja nanyi.